Uchambuzi wa kisa: Wanafunzi mwambani, na maji yalorudi kwa nyuma

Kisa chenyewe kwa ufupi

Hichi ni kisa cha skuli moja ya sekondari Pemba ilopeleka wanafunzi wa Fomu Tatu pwani kusoma mikoko, nyasi bahari na matumbawe, mwishoni mwa Septemba, miaka ya karibuni. Jina la skuli, la kijiji na ya watu wote nimeyaondoa, na kuna mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili mtu wa pale asinyooshewe kidole. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia wa skuli nyengine, nilialikwa kusaidia kundi la mikoko, kwa hiyo sehemu nimeiona kwa macho yangu na sehemu nyengine, hasa ya kule mwambani, nimeipata kwa kukaa na mwalimu wa kundi lile, na mama alokuwa akiwaongoza, na kusoma madaftari ya wanafunzi wenyewe.

Hakuna alozama na hakuna alokufa, nalisema mapema ili usisome roho ikiwa juu. Ila kundi la watoto 13 lilikaa upande wa pili wa mkondo wakati maji yanajaa, na likarudi kwa sababu mtu mmoja alikuwa anaijua njia nyengine. Nakiandika kwa sababu skuli nyingi za kwetu, Unguja na Pemba, zinakwenda pwani, na nikitizama ratiba zao naona basi limo, chakula kimo, barua za wazazi zimo, alafu maji yenyewe, yani ile bahari wanayokwenda kuisoma, hayamo.

Skuli na wazazi

Skuli iko ndani ya kisiwa, kwenye mikarafuu. Watu wa nje wanadhani kila mtoto wa Pemba kakulia baharini na si kweli hata kidogo, kwenye darasa hili wengi walikuwa hawajawahi kutembea mwambani maji yakitoka, bahari wanaijua kwa kupanda meli kwenda Unguja na kwa samaki wa sokoni basi. Mnyororo wa chakula, mikoko, matumbawe, vyote wamevisoma kwa picha za kitabu zilizotolewa fotokopi mpaka matumbawe na mizizi ya mkoko havitofautiani.

Mpango wa kwanza ulikuwa Misali. Mwalimu aloongoza safari (nitamwita mwalimu wa Jiografia) alitaka wakaone kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1998, ambacho wazee wa Pemba wanakihadithia kwa Nabii Khidhri na msala wake, na ambako kasa wanapanda kutaga. Wazo zuri. Wazazi wakakataa, na hawakukataa kwa ujinga. Pemba hakuna mtaa usiokuwa na mtu alopoteza ndugu Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander, na kabla watu hawajakaa sawa ikazama na Skagit Julai 2012. Mzazi ukimwambia mtoto wake anavushwa na boti kwa ajili ya masomo anakujibu basi asome kitabu. Mwalimu wa Jiografia akawaahidi kwenye kikao: watoto hawatapanda boti, watakwenda kwa gari mpaka kijiji cha pwani na wataingia kwa miguu maji yakitoka. Hapo wakakubali. Ahadi hii ikumbuke, itarudi.

Tarehe ilovobadilishwa

Tarehe ya mwanzo ilikuwa Jumatano, sababu siku hiyo gari lilikuwa tupu na hakuna mitihani. Kwenye kikao cha kamati ya skuli akawepo mama mmoja ana mtoto Fomu Tatu, mwenyewe kaolewa huko ndani lakini kwao pwani na mpaka leo ana shamba la mwani. Akauliza: "Jumatano hiyo mwezi ngapi, mwalimu?" Mwalimu akataja tarehe ya kizungu. "Sikuulizi hiyo, nakuuliza mwezi wa kiislamu." Wakahesabu wakapata mwezi 8, yani siku ya nane tangu mwezi kuandama. Mama akasema, "Basi mtakwenda kutizama maji tu. Hayo maji mafu."

Tuliweke sawa kwa asokuwa wa pwani. Maji ya huku yanajaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na dakika kidogo, na kila siku yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta pamoja na tunapata bamvua: maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti ya juu na chini inafika kama mita 4. Kati ya mwezi 7 na 10, na tena 21 mpaka 24, ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Alafu kuna jambo ambalo vitabu vya skuli havilisemi na kila mchokoa pweza analijua: kwetu bamvua inatoka asubuhi, kwenye saa 4 na saa 5, wakati maji mafu saa hizo za asubuhi yamejaa, na yakija kutoka alasiri mwamba hautoki vizuri. Ina maana Jumatano ile wangefika pwani saa 3 na kukuta maji yako kwenye mizizi ya mikoko.

Safari ikasogezwa mpaka Alkhamisi ya wiki ilofuata, mwezi 16, maji kupwa saa 4:30 asubuhi. Ijumaa ya mwezi 17 ilifikiriwa ikaachwa, kupwa kungekuwa kwenye saa 5 na kitu na watu wangegombana na sala ya Ijumaa. Na ilikuwa Septemba, ambayo pamoja na Machi ndo miezi ya bamvua kubwa kuliko zote za mwaka. Kwa kusoma mwamba hiyo ni neema, na kwa usalama ina uzito wake pia, mana maji yanayotoka sana yanarudi sana.

Walivyojitayarisha

Mama yule akawatafutia kina mama watatu wa kijijini wa kuongoza makundi. Kamati ikataka kuwapa kanga kila mmoja kama ahsante. Wao wakasema wazi, na mimi nawaunga mkono kwa moyo wote, kwamba bamvua ndo siku zao za kazi: mwani unafungwa na kuvunwa maji yakiwa chini, pweza anachokolewa maji yakiwa chini, ukimchukua mtu saa 3 mpaka saa 6 siku ya mwezi 16 umemchukulia riziki. Wakalipwa pesa, sawa na wangekuwa shambani kwao. Mjumbe mmoja alinung'unika kwamba skuli inalipa watu wasokuwa na cheti. Akajibiwa kwamba dereva naye analipwa na hakuna aloomba cheti chake cha Baiolojia.

Nguo za wasichana zilizungumzwa na mama zao kabla, sio siku ile. Safari zilizopita wasichana walibaki ufukweni na mabuibui yao wakiandika walichosimuliwa na wavulana. Safari hii wakakubaliana suruali pana, gauni linaloishia chini ya magoti juu yake, mtandio ulofungwa vizuri, na kanga kavu ya kujifunga wakitoka. Wasichana wote 22 waliingia majini. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kuifanya safari iwe na maana.

Viatu: kila mtu avae viatu vya plastiki vilivyofunika vidole, kandambili marufuku mana zinanata kwenye tope na kubaki. Vya kuandikia, mwalimu wa Jiografia alikata madumu ya mafuta ya kupikia vipande vya ukubwa wa daftari, akavisugua kwa msasa, vikaandikika kwa penseli hata vikirowa, na ukisugua tena unaanza upya. Kipimo cha mraba kilikuwa fremu ya paipu ya sentimita 50 kwa 50, na kamba ilikuwa kamba ya mwani ya mita 50 ilopigwa fundo kila mita 5.

Lilobaki ni ngalawa. Mmoja wa kina mama alishauri kijana wake akae na ngalawa kwenye mkondo, kwa lolote litalotokea. Ikakataliwa kwa sababu mbili: pesa zimekwisha, na wazazi wameshaambiwa hakuna boti.

Asubuhi ya safari

Waondoke saa 1:00. Waliondoka saa 2:25. Septemba karafuu zimeanza, na baba wengi walikuwa wametoka na alfajiri kwenda konde, barua za ruhusa zikabaki hazijasainiwa, mwalimu mkuu akasema bila saini mtoto hapandi (na hapo alikuwa sahihi), wakakaa wanasubiri vijana walotumwa mbio mpaka mikarafuuni. Wakafika pwani saa 3:30.

Mpango ulikuwa makundi matatu yazunguke vituo vyote: mikoko, nyasi bahari, mwamba. Kwenye gari mwalimu wa Jiografia akaamua kila kundi lifanye kituo kimoja tu, kisha watasimuliana darasani. Sababu yake ilikuwa muda umeliwa na hataki watoto wakimbizane kwenye tope. Uamuzi mzuri, ila ulileta kitu ambacho hakuna alokiona wakati ule, nitakifikia.

Kundi langu la mikoko lilikuwa salama mda wote, tuko karibu na nchi kavu. Bibi yetu, yule mama alotuongoza, alianza kwa kumwambia kila mtoto achume jani la mchu, aina moja ya miti ya mikoko, alilambe. Wakatizamana. Mmoja akalamba, akakunja uso, akasema "chumvi!" na baada ya hapo kila mtu analamba. Mchu unaitoa chumvi kwenye majani, mkoko unaizuia kwenye mizizi isipande, na watoto wakaelewa kwa ulimi jambo ambalo mimi nimelifundisha kwa mchoro miaka. Tukatembea kutoka upande wa bahari kuingia ndani tukiandika: mlilana mbele kabisa unapopigwa na maji, mkoko na miguu yake, mui, mkandaa, mchu upande wa nchi. Bibi akawaonesha miche ya mkoko inayoota ikiwa bado juu ya mti, mirefu na imechongoka, ikianguka maji yakiwa nje inajichoma wima kwenye tope. Akawaonesha na visiki, akasema hivi vilikwenda kwenye boriti na hivi kwenye tanuri la chokaa, hakuficha kwamba vyengine ni vya mumewe.

Kundi la nyasi bahari liliweka fremu zake kutoka mashamba ya mwani kwenda nje. Wakahesabu viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota), majongoo ya bahari, kombe. Kila jiwe walilolifunua mama wao aliwalazimisha walirudishe kama lilivyokuwa, upande wa chini chini, kwa sababu chini ndo kuna mayai, na ukiligeuza yakapigwa jua yamekwisha.

Kundi la mwambani

Hawa walikuwa wanafunzi 13, mwalimu mmoja kijana wa Baiolojia, na mama mmoja mchokoa pweza wa miaka mingi. Waliingia saa 4:00, wakavuka mkondo ulioko kati ya pwani na mwamba, maji magotini, wakafika kwenye matumbawe saa 4:40. Yani maji yalikuwa yameshageuka dakika 10 kabla hawajaanza kazi.

Mama akamwambia mwalimu mapema: "Sie maji yakigeuka na sie twageuka." Karatasi ya mwalimu ilikuwa imeandikwa kurudi saa 5:30, saa nzima baada ya kupwa. Hakuna alowahi kuziweka kauli hizi mbili pamoja. Mwalimu akatizama mbele, mawimbi yako mbali yanavunjika nje ya mwamba, mwamba mkavu, akaona kuna nafasi tele.

Na kazi ilikuwa nzuri, hilo lazima niliseme. Fremu ya kwanza na ya pili walikuta fuma wengi, wale weusi wa miiba mirefu, wamejaa kwenye matundu ya matumbawe. Msichana mmoja akauliza kwa nini wamekuwa wengi hivi, mama akamjibu kwamba samaki kikande wamekwisha, zamani dema, ule mtego wa samaki, likipandishwa lina vikande na siku hizi ukimpata mmoja ni bahati. Kikande ndo mla fuma. Kutoka hapo wakaanza kubishana wenyewe, mwamba ukivuliwa sana nani anafaidika, na mama akawahadithia kufunga mwamba wa pweza kama walivyofanya Kisiwa Panza, miezi kadhaa hakuna kuchokoa, pweza anakua haraka sana na maisha yake mafupi, ukifungua unawakuta wazito. Mvulana akauliza kwa nini usifungwe moja kwa moja. "Na sie tule nini, mwanangu?" Mwalimu aliniambia hilo ndo somo bora alowahi kulifundisha, na hakulifundisha yeye. Sasa nani atapuliza filimbi katikati ya mazungumzo kama hayo?

Saa 5:10 mama akasema tena, "Mwalimu, turudini, maji yaingia." Mwalimu akaomba fremu moja ya mwisho, wapate tano kama karatasi inavyotaka. Saa 5:15 mwalimu wa Jiografia alipuliza filimbi ufukweni, upepo wa kusi ulikuwa haujakata ukaichukua sauti. Simu ya mwalimu wa mwambani ilikuwa kwenye gari, aliogopa isirowe. Kwenye fremu ya tano mwanafunzi mmoja akakanyaga fuma, miiba ikapita pembeni mwa kiatu. Wakashughulika naye. Waliondoka saa 5:40.

Walipofika mkondoni wakasimama. Maji yalokuwa magotini sasa yako kiunoni na yanakwenda.

Hapa pana elimu yenyewe. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Wanamaji wanagawa mafungu 12: saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 4, saa ya kwanza yanapanda kama sentimita 33, ya pili 67, ya tatu mita nzima. Kwa hiyo ile saa ya kwanza inamdanganya mgeni, anaona hakuna kitu. Na la pili, kwenye pwani zetu zenye mwamba mbele, maji hayaji kukufata kutoka kule nje unakokutizama. Yanaingia mlangoni, pale mwamba ulipokatika, yanapita mkondo ulioko nyuma yako, yanajaza kati yako na nchi wakati miguu yako bado mikavu. Mwalimu alikuwa anatizama upande usio.

Aliyeamua pale alikuwa mama. Alisema hapa hapavukwi, akawageuza, wakafata fungu la mchanga kuelekea kaskazini mpaka mkondo unapotanuka na kuwa mfupi wa kina. Akaomba ile kamba ya mita 50. Yeye akaushika mwanzo, mwalimu mwisho, watoto kati, kila mmoja kaishika, alokanyaga fuma akashikwa na wenzake wawili. Maji yalifika mapajani kwa warefu, kiunoni kwa wafupi. Wakatoka nchi kavu saa 6:15, adhuhuri inaadhiniwa kijijini. Mwalimu mkuu aliwahesabu mara mbili, alafu akaenda pembeni akakaa chini peke yake.

Matokeo

Mtoto wa fuma alipewa maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, mwalimu aliyajaribu kwanza kwa mkono wake, mguu ukatiwa humo kwenye beseni kama saa nzima wakiyaongeza yakipoa. Maumivu yalipungua sana, joto linaivunja ile sumu. Hawakuchokoachokoa kwa sindano, mana miiba ile inakatika ndani na kuzidi kuingia. Mama akataka kupaka utomvu wa papai bichi, wakamwacha apake pembeni. Kisha kituo cha afya, wakamtizama na chanjo ya pepopunda. Alikuwa darasani Jumatatu.

Wanafunzi wote 41 walirudi na data. Kundi la nyasi bahari waliona fremu zilokuwa kwenye mashamba ya mwani zina majani machache kuliko za nje, na mwalimu aliwazuia wasiandike kwamba mwani umeua nyasi, siku moja na pwani moja havitoshi kusema hivyo, waliandika walichokiona na sababu tatu zinazowezekana. Jioni moja waliwasilisha mbele ya wazazi. Maswali magumu yalitoka kwa kina mama, sio kwa walimu.

Wazazi walielezwa kila kitu kuhusu mkondo. Mwalimu mkuu alisimama mwenyewe akasema, kabla uvumi haujafika. Wawili walikasirika sana na wana haki. Hakuna aloomba safari zifutwe.

Kilichofanya kazi

Tarehe. Bila lile swali la mwezi ngapi hakuna kisa, kungekuwa na gari la watoto wanakula andazi wanatizama maji. Jaduweli la maji linapatikana bandarini na kwenye simu, lakini hata bila hilo, tarehe ya kiislamu iko ukutani mwa kila nyumba Pemba na inakupa asilimia kubwa ya jibu.

Kina mama kama walimu, na kulipwa kama walimu. Mgeni wa kulipwa anaheshimiwa maneno yake, japo hapa hayakuheshimiwa vya kutosha. Pia mazungumzo ya nguo na mama za wasichana mapema, sio amri kwenye barua. Na vifaa rahisi: dumu na penseli vilishinda daftari, madaftari mawili ya peni yalorowa hayakusomeka. Kamba ya mwani ilikuja kuwa ndo kitu kilichowavusha.

Kilichoshindwa

Watu wa skuli ile wenyewe wanasema tatizo ni kuchelewa. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kuchelewa kutatokea kila safari, mwaka huu karafuu, mwaka mwengine pancha. Tatizo ni kwamba saa ya kurudi iliandikwa kama muda wa kazi, saa nzima mwambani, wakati ilitakiwa iwe imefungwa kwenye maji: yakigeuka, mnageuka, mkiwa mmefika au hamjafika. Kama wangelishika hilo, saa 3:30 pale walipofika mwalimu wa Jiografia angeona mara moja kwamba kundi la mwamba halina safari siku ile, au liende mpaka ukingo wa mkondo tu na fremu mbili.

Na hapa ndo ule uamuzi wa kuacha mzunguko ulipoleta madhara yake. Kwa kuwa makundi hayazunguki tena, kila mtu alihisi muda umeokolewa. Ulikuwa umeokolewa kwelikweli kwa mikoko na nyasi bahari. Kwa mwamba haukuokolewa hata dakika, lakini ile hisia ya nafasi ikawafata mpaka kule, na ndo ilompa mwalimu kijana ujasiri wa kuomba fremu ya tano.

La pili ni nani mwenye amri. Mama alisema mara mbili. Hakuna alomwambia mwalimu kwamba kwenye maji neno la mama ndo la mwisho, na mama naye kwa heshima ya mwalimu hakumvuta mkono. Mimi simlaumu mmoja wao. Hilo linatakiwa lisemwe mbele ya watoto kabla hawajaingia majini: huyu ndo kiongozi wa maji, akisema turudi, mwalimu naye anarudi. Watoto wakilisikia watakuwa wa kwanza kumkumbusha mwalimu.

La tatu ngalawa. Ahadi kwa wazazi ilikuwa watoto hawapandi boti. Kwenye kikao cha mwisho ikageuka kuwa boti isiwepo. Wazazi walikuwa wanaogopa bahari kuchukua watoto wao, na kwa kuisikiliza hofu yao vibaya skuli ikaondoa chombo ambacho kingewalinda. Nina hakika wangeulizwa wazi, mnataka ngalawa ya tahadhari ikae pale au isikae, wangechanga wao wenyewe malipo ya kijana yule na chakula chake.

La nne mawasiliano. Filimbi upande wa chini ya upepo haisikiki. Kanga nyekundu kwenye mti mrefu, inapandishwa saa ya kurudi, inaonekana mbali na haigharimu kitu, na simu moja ndani ya chombo kisichoingia maji.

Jambo dogo la mwisho: kwenye gari wakati wa kurudi ilisikika harufu, wakakuta kome wanne hai na kiti cha pweza kwenye mkoba. Mtoto hakuwa na ubaya, alitaka kumwonesha mdogo wake. Walikuwa wamekatazwa kuokota lakini hawakuelezwa kwa nini. Kule kwenye mawe, ambako mama alieleza sababu ya mayai, hakuna hata mmoja aloacha jiwe juu chini.

Kwa mwaka unaofuata

Kamati imeshakaa. Mama mwenye shamba la mwani sasa ni mjumbe wa mipango na ndo anatoa tarehe tatu za kuchagua, zote mwezi 1 mpaka 3 au 15 mpaka 17. Barua za ruhusa zinarudishwa wiki nzima kabla, sio asubuhi ile. Kundi la mwamba linaingia maji yakiwa bado yanatoka, saa moja na nusu kabla ya kupwa, na kama gari limefika baada ya hapo kundi hilo linajiunga na nyasi bahari bila mjadala. Fremu tano zimekuwa tatu. Ngalawa ipo, na wazazi wameikubali.

Walichoshindwa kukubaliana ni kama Fomu Tatu wavuke mkondo hata kidogo. Mwalimu kijana anasema wasivuke, mwamba waoneshwe kwa picha. Mama alowavusha anasema wavuke, wakivuka naye.